Bolti ya Upande wa Abiria

Jumatatu, 8 Julai 2024

Ushindi. Nauandika mapema kabla haujapoa.

Baba mkwe wangu, Mzee William, amefunguliwa bandeji. Alikuja kwetu Mbinga kutolewa mtoto wa jicho, na leo daktari amesema macho yamekaa vizuri, anaweza kurudi nyumbani Chiwanda, kule ziwani. Anaondoka Jumamosi. Likabaki suala la nani atampeleka. Wakwe zake wenye magari tuko wawili. Mimi Urbani, niliyemwoa binti yake mkubwa, Gertrude. Na mwanyumba wangu Henry, aliyemwoa Edina, mdogo wake Gertrude. Gari la Henry ni jeusi, refu, lina harufu ya dukani. Langu ni dogo, limebeba magunia ya kahawa misimu mingi, lina harufu ya kazi.

Henry alifika asubuhi, akaamkia kwa kuinama mno, akasema gari limeshaoshwa. Leo ni Jumatatu. Nani huosha gari Jumatatu kwa safari ya Jumamosi?

Mzee alimsikiliza, kisha akauliza kitu kimoja tu: atakaa mbele? Akaeleza. Kwenye barabara ya kuteremka Mbamba Bay kuna kona ambayo ziwa hutokea lote kwa mara moja. Miaka ya karibuni kila akipita pale alikuwa anasikia wenzake wakisema lile pale, lile pale, naye anaitikia tu. Safari hii anataka kuliona mwenyewe.

Henry akakohoa. Edina akikaa nyuma anatapika. Ukoo mzima unajua. Siti ya mbele ya gari lile ni ya Edina, na hakuna wa kumhamisha.

Nikasema, Baba, kwangu siti ya mbele ni yako. Mzee akanishika mkono. Henry akawa anaangalia kalenda ukutani.

Ndipo Gertrude akaharibu. Akakumbusha, mbele ya wote, kwamba mkanda wa siti ile haufungi. Ni kweli. Ulimi wa mkanda unaingia kwenye kifungio, halafu unatoka wenyewe kama mgeni aliyeambiwa chakula bado. Akasema pale hakai mtu bila mkanda, sembuse baba yake, kwenye mteremko ule.

Henry akapona kikohozi. Akasema kwa upole kwamba Allen wa gereji ya stendi anaweza kunitengenezea. Nikajibu hakuna haja, kazi kama hizo huwa nafanya mwenyewe.

Sijui sentensi ile ilitoka wapi. Lakini imeshatoka, na Henry ameisikia.

Jumanne, 9 Julai

Baridi kali. Ukungu umekaa juu ya mashamba mpaka saa ya chai. Nimeanza kazi na glavu.

Kwanza nilitoa waya wa betri, kama mafundi wanavyofanya. Gertrude aliona. Nilihakikisha ameona. Kisha nikasogeza siti mbele, nikakichunguza kifungio. Ni kidude kidogo tu chenye kitufe chekundu, kimekaa kwenye shina lake, na shina limefungwa kwenye siti kwa bolti moja nene. Nikaamua kutokitoa. Nikakipanulia palepale kwa bisibisi.

Kilipasuka. Springi ndogo iliruka ikapotelea kwenye majani. Ndani nilikuta punje ya kahawa imekauka, imekaa pale ambapo ulimi hushika. Kumbe tatizo zima lilikuwa hilo. Ningegeuza kifungio na kukigonga kidogo, punje ingedondoka na ningekuwa nimemaliza.

Nilikaa na punje ile mkononi kwa muda. Kahawa yangu mwenyewe.

Sasa kifungio kimekufa kweli, kwa hiyo ilibidi nikitoe. Spana niliyonayo ni kubwa kidogo kuliko bolti. Nilizungusha hadi kichwa cha bolti kikawa duara kama embe. Nikatumia msumeno wa chuma. Bolti imekatika, kifungio kimetoka. Gertrude akaniuliza kazi inaendaje. Nikamwambia hatua ya kwanza imekamilika.

Henry alipita jioni kumjulia hali Mzee. Aliegemea gari langu huku akiongea, akachungulia ndani. Alipapasa paa la gari kwa kiganja, kama mtu anayempa pole mgonjwa.

Jumatano, 10 Julai

Niliamka na wazo. Mkanda wenyewe ni mzima. Ulimi ni mzima. Kinachokosekana ni mahali pa kuushikilia tu. Waya wa kufungia nondo unashikilia majumba, utashindwaje na ulimi?

Nilimwomba Mzee akae nipime. Akakubali mara moja. Anafurahia kila kitu siku hizi, hata kupimwa. Nikaupitisha mkanda kifuani, nikaufunga ulimi kwenye chuma cha siti kwa waya, nikasokota kwa koleo hadi waya ukalia. Kazi safi. Nilipanga kufunika pale kwa kitambaa, Gertrude asione. Kwamba Mzee ataona halikunijia. Nilishazoea kwamba haoni, nikasahau kuwa safari yote hii ni kwa sababu anaona. Alipainamia pale, akaniuliza kwa heshima kabisa akifika atatokaje.

Nikamwambia ni suala la kukata waya. Nikatafuta koleo. Nilikuwa nayo mkononi muda uleule, sasa haionekani. Nikaingia ndani, nikaenda stoo, nikaenda kwa jirani. Huko jirani walikuwa wanamenya kahawa, mashine ikakwama, wakaniomba ushauri. Ushauri wangu ulichukua muda.

Niliporudi, Gertrude alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, mikono kiunoni. Baba yake amekaa ndani, amefungwa waya kama mbuzi wa mnada. Koleo ilikuwa juu ya paa la gari.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aliukata waya yeye mwenyewe.

Mzee alinitetea. Alisema hakuchoka hata kidogo. Alikuwa anaangalia ule mparachichi wetu. Miaka yote hii, alisema, mti kwake ulikuwa giza lililosimama. Leo ameona jani moja moja, na moja limegeuka likamwonyesha mgongo wake mweupe. Alisema hivyo kama mtu anayesimulia safari ya mbali.

Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba. Mti ule niliupanda mimi. Sijui majani yake yana mgongo mweupe.

Alhamisi, 11 Julai

Ruanda, kijiji cha huku kwetu. Muuza spea wa mjini hana kifungio cha gari kama langu, lakini alisema huko kuna gari la aina hiyohiyo, lililoanguka mwaka jana, liko nyuma ya nyumba ya mama mmoja mjane aitwaye Beata. Nikaenda.

Mama Beata alikuwa anaanika mahindi. Nilimsalimia, nikajieleza, nikamwambia nahitaji kifungio cha upande wa abiria. Akaendelea kusambaza mahindi kwa mguu. Kisha akauliza: ni nani atakayekaa hapo?

Nikamweleza habari za Mzee William. Macho yake, ile kona, ziwa. Nilieleza zaidi ya nilivyokusudia. Akasema basi nenda kakichukue.

Gari limelala kwenye migomba, ubavu umebonyea, kuku wamelifanya banda. Lakini kifungio ni kipya. Hakina mkwaruzo. Bolti imeliwa na kutu, nikaikata kwa msumeno, nikarudi uani nikiwa na furaha, nikamwambia dada, kitu chako kipya kabisa, kama hakijawahi kutumika.

"Hakijatumika," alisema. "Marehemu mume wangu alikuwa anaupitisha mkanda nyuma ya mgongo, anauchomeka, ili ile kengele isimpigie kelele. Walipotoa gari ulimi ulikuwa humo. Mtu hakuwemo."

Yeye akaendelea. Mumewe aliitwa Augustino. Rafiki yake ndiye aliyekuwa anaendesha, na alikuwa amejifunga. Yupo mzima, hupita kumsalimia, akija na sukari. Akija huwa anakaa nje, haingii ndani. Mama Beata anasema hamlaumu, ila angependa sana aingie ndani.

Alikataa kabisa kupewa kitu. Aliniambia tu nikikifunga nikivute kwa nguvu.

Nimerudi Mbinga taratibu, kifungio kimelala kwenye siti ya pembeni juu ya sweta langu. Sikuwasha redio. Nilijiuliza mtu anachokwepa ni nini hasa anapodanganya kengele. Kelele zile zinaisha ukijifunga tu. Nimeahidi moyoni kwamba kazi hii nitaifanya kwa heshima.

Ijumaa, 12 Julai

Nimeifanya kwa heshima. Nimekaa chini tangu jua linatoka. Waya mdogo wa taa na kengele ya mkanda umeingia mahali pake. Kifungio kimekaa. Ulimi unaingia, unalia *ta*, hautoki. Ukibonyeza kitufe unatoka. Nimeufunga na kuufungua mara nyingi kwa raha tu.

Tatizo likawa bolti. Yangu nilikata, ya Ruanda nilikata. Dukani kwa vifaa vya ujenzi nilipata bolti ya paa, ndefu kidogo, nyembamba kidogo. Nikaijazia vipande vya mpira wa ndala pembeni. Ikakaza vizuri tu.

Nikamwita Gertrude aje akague. Nilitarajia aangalie. Yeye akaingia, akajifunga, akaweka miguu yote miwili kwenye dashibodi, akajivuta. Huyu ni mwanamke aliyekulia kando ya ziwa, amevuta nyavu za usipa tangu bado msichana. Bolti ya paa ikapinda kama mshumaa uliowekwa juani. Akaitoa kwa vidole, akaiweka kwenye kiganja changu, akanikunja vidole juu yake.

"Baba Hilda," akasema, "kesho Baba anakwenda na Henry. Akae nyuma. Asilione ziwa, lakini afike."

Akaenda jikoni. Nilibaki uani. Dirishani nikamwona Mzee amesimama na mashati yake kitandani, anachagua. Analinyanyua moja, analisogeza kwenye mwanga, analirudisha, ananyanyua jingine. Aliponiona akafungua dirisha, akauliza tena ziwa litatokea upande gani, kushoto au kulia. Nikamwambia mbele, Baba. Litatokea mbele yako.

Basi nikafikiri, safari hii kwa kina. Bolti sahihi inapatikana wapi? Bolti nene, halisi, ya kiwandani? Nikaona. Iko ndani ya gari hilihili, upande wa pili. Inashikilia kifungio cha dereva.

Nimeitoa kwa spana ya kuazima, inayolingana, na imetoka bila kelele. Nimeifunga kwa abiria. Gertrude akarudia kipimo chake. Akavuta hadi siti ikalalamika. Kitu hakikutikisika. Akavuta tena. Akashuka, akaniangalia kwa namna ambayo sijaangaliwa siku nyingi, akasema nimefanya kazi nzuri. Hakuuliza bolti imetoka wapi, nami nikaona si vizuri kumchosha.

Upande wangu nimeshaupangia. Nitapitisha mkanda kifuani kama kawaida, kisha ulimi nitaukalia kwa paja. Trafiki akitazama ataona mkanda. Gertrude akitazama ataona mkanda. Nimejiuliza kwa uaminifu kama hili ni sawa na lile la marehemu Augustino. Hapana. Yeye aliupitisha nyuma. Wangu unapita mbele.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika kwa shida, pua imeziba. Nipo Chiwanda.

Tulitoka Mbinga ukungu ukiwa bado. Mimi, Mzee mbele, Gertrude nyuma akiwa amejifunga. Henry na Edina walifuata baadaye kidogo na mizigo. Mzee alivaa shati la kijani, amelifunga hadi kifungo cha shingoni. Nilimfunga mkanda kwa mkono wangu. *Ta*. Akauliza kama Mama Beata wa Ruanda anajua kwamba tunasafiri leo. Nilikuwa nimemsimulia. Nikasema anajua. Akasema vizuri.

Barabara ni nzuri siku hizi, lami tupu, lakini milima ni ileile. Tulishuka kwa gia nzito. Kengele ya mkanda wangu ililia, nikasema ni hitilafu ya umeme. Mashamba ya ngoro, yale ya mashimo mashimo mteremkoni, yakapita, misitu ikapita, hewa ikaanza kuwa na joto, tukafungua madirisha. Mzee alikuwa anasoma kwa sauti kila kibao cha barabarani, hata vya kuonyesha kona.

Tulipokaribia ile kona yake alinyamaza, akaweka mikono magotini.

Hapa niandike ukweli kama ulivyo. Sikuwa natazama barabara. Nilikuwa namtazama yeye. Nilitaka kuuona uso wake wakati ziwa linatokea. Niliuona: mdomo ukafunguka taratibu. Kisha macho yake yakabadilika, akasema jina langu.

Kulikuwa na lori limeharibika palepale, wamelaza matawi barabarani kuonya watu. Nilikanyaga breki kwa miguu yote. Gari likaserereka, likaingiza gurudumu la mbele kwenye mtaro, likasimama ghafla. Mkanda wa Mzee ulimkamata, ukamrudisha kitini kama mama anayemrudisha mtoto kwenye mkeka. Wangu haukukamata kitu. Niliupiga usukani kwa pua.

Nikamsikia Mzee anauliza kwa sauti ya chini, "Urbani, u mzima?" Akatoa leso ya kufutia macho aliyopewa hospitali, akanibana nayo puani. Yeye hakuwa na hata mkwaruzo. Gertrude alishuka, akamkagua baba yake kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akaja upande wangu. Akauona ulimi wa mkanda umelala juu ya siti. Akainama, akakiona kifungio changu kinaning'inia kwa waya wake.

"Bolti ya kwako iko wapi?"

"Iko kwa Baba," nikasema.

Alinishusha, akanikalisha kwenye majani kando ya barabara, akaishika pua yangu kwa vidole vyake, akatazama pembeni. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Sijui alikuwa analia au anacheka. Nadhani hata yeye hakujua.

Mzee alitembea hadi ukingoni akasimama. Ziwa lote lilikuwa chini yake, na ng'ambo milima ya Malawi, ya buluu, imejipanga. Alisimama muda mrefu sana. Alisema kitu kwa Kinyasa, si kwa sisi. Kisha akageuka, akaniambia miaka ya mwisho kila alipokwenda ufukweni aliona kitu cha kijivu tu, akawa ameanza kuamini kwamba ziwa lenyewe ndilo limezeeka.

Kama nisingeingia mtaroni tungepita pale kwa kasi, angelipata kwa kutupia jicho tu. Nimelisema hili kwa Gertrude. Ameniomba nisilirudie.

Henry alipofika nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Alivua koti akalikunja, akaniwekea chini ya kichwa, akasaidiana na watu wa lori kulitoa gari langu na kulisukuma kwenye uwanja wa nyumba ya jirani. Edina akampisha Mzee siti ya mbele bila kuambiwa. Alitapika mara tu tulipoanza kuteremka, na kila baada ya kona chache tena, na kila mara alisema samahani Baba, naye Mzee anasema pole mwanangu, tazama, mitumbwi. Gertrude alinifunga mkanda mwenyewe, akauvuta kuhakikisha.

Chiwanda watu walikuwa wamejaa uani. Henry ndiye aliyesimamisha gari, Henry ndiye aliyemfungulia Mzee mlango, Henry akapokea vigelegele vyote. Nilishuka nyuma na leso puani. Sikuwa na nguvu ya kuumia. Lakini Mzee, kila aliyekuja kumsalimia, alimshika mkono akamwangalia usoni vizuri, akataja jina lake, kisha akaonyesha kifua chake mahali mkanda ulipomkamata, akasema: Urbani alinifungia hapa.

Aliwaambia watu wote. Nilihesabu kwanza, baadaye nikaacha.

Jumapili, 14 Julai

Wote wamekwenda kanisani. Mimi nimeachwa kwa sababu ya pua, imekuwa kama kiazi. Gertrude ameagiza nipumzike, nisiguse kitu. Amesema neno lile la mwisho polepole.

Nimepumzika barazani, nikatafakari mambo ya wiki hii kwa utulivu. Ni lazima mtu ajifunze. Nimekwenda hatua kwa hatua, na nimefikia uamuzi kwamba kazi yenyewe haikuwa na kasoro. Mkanda ulishika. Aliyekuwa na kasoro ni yule aliyelaza matawi karibu mno na kona.

Nikiwa katika kutafakari, nimeiona injini ya boti ya Mzee. Imefunikwa turubai pembeni mwa nyumba, haijawashwa tangu macho yake yalipoharibika. Jana wakati wa chakula alisema anatamani Jumatatu aingie ziwani, walau kidogo, akaone samaki mbasa anavyomeremeta akitolewa majini. Henry akasema anamjua fundi wa injini Mbamba Bay.

Fundi wa nini? Injini ni kitu cha kueleweka. Nimetandika khanga ya Gertrude, nimepanga kila kipande kwa mstari, nimesafisha kwa mafuta ya taa, na nimerudisha karibu vyote. Sasa hivi inakosekana bolti moja ya kushikilia mfuniko wa juu. Nadhani imeingia mchangani. Nimechekecha, haipo.

Nawasikia wanaimba wimbo wa mwisho. Hapana haraka. Mlango wa jikoni wa Mama mkwe una bawaba tatu, zimefungwa kwa bolti za kipimo hichohicho. Nimejaribu kuutikisa. Mbili zinatosha kabisa.